Tunayoambiana Kuhusu Kuishi na Familia Ujerumani, na Majibu Yake

Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin makubaliano ya ajira na uhamiaji. Tangu hapo, na hata kabla yake, hakuna kijiwe wala kundi la WhatsApp la kwetu lililokosa mtaalamu wa Ujerumani. Wauguzi, mafundi, wanafunzi wa shahada za juu na watu waliooa au kuolewa huko wanafunga mizigo wakiwa wamejazwa maneno, mengi ya watu ambao hawajawahi kulipa kodi ya nyumba Leipzig wala kukaa kwenye kikao cha wazazi Stuttgart.

Nimelea watoto Ujerumani. Nimeona familia zikifika na maneno hayo, zikapoteza mwaka mzima au zaidi kwa kuyaamini. Anayeambiwa kwamba wenyeji ni wabaya hajisumbui kuwafahamu, na anayeambiwa kwamba pesa zinaokotwa hukopa kabla hajapata mshahara wa kwanza. Kwa hiyo nitayachukua madai saba ninayoyasikia mara nyingi na kuyajibu moja baada ya jingine. Nashikilia jambo moja: familia ngeni Ujerumani haiinuliwi wala haiangushwi na roho za wenyeji. Inainuliwa na lugha, na kujua taratibu, na kuwa na ndugu nyumbani wanaojua ukweli.

Dai la kwanza: "Wale hawana utu. Unaweza kufa ndani, jirani asijue."

Ni kweli kwamba Mjerumani habishi hodi bila taarifa. Hata ndugu wa tumbo moja hupeana miadi. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni muda wa utulivu, na Jumapili ni mchana kutwa: maduka yamefungwa, hakuna kutoboa ukuta kwa drili, hakuna kukata majani kwa mashine. Mapumziko hayo ya Jumapili yanalindwa na katiba, kwa kifungu kilichorithiwa kutoka katiba ya Weimar ya 1919. Kwa familia iliyozoea Jumapili ya wageni, pilau na muziki, wiki za kwanza ni ngumu.

Ila kimya hicho si chuki. Kwao, kumwacha jirani apumzike ni heshima, kama ilivyo heshima kwetu kumsalimu kila unayekutana naye. Na ujirani upo, ila una milango yake. Mlango wa kwanza ni kifurushi. Mleta vifurushi asipokukuta, anaacha karatasi kwenye sanduku lako la barua: mzigo wako uko kwa fulani, ghorofa ya tatu. Jioni unapanda, unabonyeza kengele, unataja jina lako, unashukuru. Wiki ijayo wewe ndiye unayepokea wa kwake. Miezi ikipita unakabidhiwa funguo za nyumba yake na maelekezo ya kumwagilia maua akiwa likizoni.

Mlango wa pili ni vyama. Ujerumani ina vyama vilivyosajiliwa zaidi ya 600,000: vya mpira, kwaya, bustani, uokoaji. Zimamoto katika miji midogo na vijiji ni ya kujitolea, na waliojiandikisha nchi nzima ni takriban milioni moja. Nchi ya watu wasio na utu haiamki saa nane usiku kwenda kuzima moto wa jirani bila malipo. Mwandikishe mtoto wako timu ya mtaa, na Jumamosi utapangiwa zamu ya kuleta keki au kuwapeleka wachezaji kwa gari. Usiikwepe. Kwenye zamu ndiko watu wanakofahamiana. Anayekaa ndani akingoja kutembelewa atangoja sana.

Dai la pili: "Huko mtoto ni wa serikali. Ukimgusa tu, wanamchukua."

Hili ndilo linalowatia wazazi hofu kuliko yote, kwa hiyo lijibiwe kwa utulivu. Kuna ukweli mmoja usio na mjadala: kumchapa mtoto ni kosa. Tangu mwaka 2000 sheria ya familia inasema mtoto ana haki ya kulelewa bila ukatili, na adhabu ya viboko, matusi na udhalilishaji haviruhusiwi hata kwa mzazi. Anayekwenda huko akitegemea fimbo na aiache uwanja wa ndege.

Lakini kutoka hapo hadi kusema mtoto ni wa serikali ni mbali. Katiba yenyewe, ibara ya 6, inasema malezi ni haki ya asili ya wazazi na wajibu wao wa kwanza. Ofisi inayoogopwa, Jugendamt, ipo katika kila mji na wilaya, na kazi zake nyingi hazihusu kumchukua mtoto wa mtu. Inatoa ushauri wa malezi. Inaweza kumtuma mshauri nyumbani kwa familia iliyolemewa. Mama anayelea peke yake, baba akikataa kutoa matunzo, anaweza kupata fedha za matunzo kupitia ofisi hiyo hiyo, nayo ndiyo itakayomfuata baba alipe. Ikitokea hatari ya dharura, wanaweza kumwondoa mtoto. Wazazi wakipinga na hatari ikiwa bado ipo, suala ni lazima lifikishwe mara moja mbele ya mahakama ya familia. Mzazi anasikilizwa, anaweza kuwa na wakili, na anaweza kukata rufaa.

Hofu yenyewe ndiyo inayoumiza. Nimewaona wazazi wakimficha mtoto mwenye shida ya kuongea au ya tabia, kwa kuogopa kwamba wakiomba msaada watanyang'anywa. Mtoto anapoteza miaka ambayo angekuwa anasaidiwa.

Mahali serikali isipocheza ni shule. Kumsomesha mtoto nyumbani badala ya shule hairuhusiwi, na kumtoa kabla ya likizo ili kuwahi tiketi nafuu ya kwenda Dar es Salaam kunaweza kukuletea faini. Panga safari kwa kalenda ya likizo ya jimbo lako, na ununue tiketi mapema.

Dai la tatu: "Wazungu hawajali watoto. Mtoto wa miaka saba anakwenda shule peke yake."

Anakwenda, ndiyo, na amefundishwa. Wazazi wanatembea naye njia ile ile wiki nyingi kabla shule haijafunguliwa, wakimwonyesha mahali pa kuvukia na mahali pa kusimama. Siku ya kwanza ya darasa la kwanza anabeba koni kubwa ya karatasi iliyojazwa penseli na peremende, na familia nzima inakuja kumsindikiza, babu na bibi wakiwemo. Kufikia darasa la nne, watoto wa shule nyingi wanafanya mtihani wa kuendesha baiskeli barabarani chini ya macho ya polisi. Hapo pana mipango ya miaka, na mipango ni kujali.

Anayetaka kuona wanavyojali na aende Kita, kituo cha watoto wadogo, ambapo tangu Agosti 2013 mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ana haki ya kisheria ya kupata nafasi. Humwachi mlangoni ukakimbilia kazini. Siku za kwanza unaingia naye, unakaa kwenye kona, hufanyi chochote. Mlezi anamkaribia mtoto polepole, kwa mpira au kitabu. Baada ya siku chache unaambiwa umuage na utoke kwa dakika kumi tu. Akilia na mlezi akashindwa kumbembeleza, unarudishwa, na kesho mnaanza upya. Zoezi hilo linaweza kuchukua wiki nne. Mzazi anayetakiwa kuripoti kazini Jumatatu hudhani anacheleweshwa kwa makusudi, kumbe wanalinda moyo wa mtoto.

Na tukumbuke tulikotoka. Watoto wa Korogwe na wa Kisumu wanakwenda shule kwa miguu hadi leo, wakubwa wakiwashika mkono wadogo. Hatujawahi kuwaita wazazi wao wazembe.

Dai la nne: "Kiingereza kinatosha, wote wamesoma."

Kinatosha kununua kahawa Berlin. Hakitoshi kuendesha nyumba. Barua za ofisi ya wageni, bima, mwenye nyumba, shule na kodi zinakuja kwa Kijerumani, na nyingi zina tarehe ya mwisho. Barua isiyosomwa haifutiki. Inakurudia na tozo. Kuna swali dogo kwenye fomu ya kuandikisha makazi linaloulizia dini yako. Mkatoliki au Mlutheri anayejaza bila kuelewa anashangaa baadaye kuona kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya kodi yake ya mapato kulingana na jimbo, ikikatwa kwenye mshahara. Huenda angekubali kuilipa kwa moyo mweupe, lakini alistahili kujua.

Kwa muuguzi, lugha ndiyo cheo. Ili cheti chake kitambuliwe anahitaji kwa kawaida Kijerumani cha ngazi ya B2. Bila hicho atafanya kazi ya msaidizi, kwa malipo ya msaidizi, huku akiwa na miaka yake yote ya uzoefu Muhimbili au Kenyatta.

Gharama kubwa zaidi inalipwa na watoto. Mzazi asiyejua lugha anamgeuza mwanawe kuwa mkalimani. Mtoto wa miaka tisa anatafsiri barua ya deni. Binti anakaa kati ya mama yake na daktari, anasikia mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. Heshima ya mzazi inapungua hapo, na si kwa sababu ya utamaduni wa Kizungu. Kozi za kuwasaidia wageni zipo: saa 600 za lugha na 100 za sheria, historia na maisha ya nchi. Baba na mama wote wasome. Desturi ya kumpeleka baba kozini na kumwacha mama nyumbani na watoto inamfunga mama ndani kwa miaka.

Dai la tano: "Ukizaa huko, mtoto ni raia papo hapo."

Hapana. Kwa wazazi wote wawili wageni, mtoto anapata uraia wa Ujerumani kwa kuzaliwa ikiwa angalau mzazi mmoja ameishi nchini kihalali kwa miaka mitano na ana haki ya ukaazi wa kudumu. Hiyo ni sheria iliyoanza kazi Juni 2024. Kabla yake ilikuwa miaka minane. Sheria hiyo hiyo imeruhusu mtu kubaki na uraia wake wa zamani, lakini kumbuka upande wa nyumbani: Kenya imeruhusu uraia pacha tangu katiba ya 2010, Tanzania haimruhusu mtu mzima. Mtanzania ana uamuzi mzito wa kufanya, na asiufanye kwa kusikia.

Mtoto akizaliwa, ofisi ya vizazi itadai vyeti vya kuzaliwa vya wazazi na cheti cha ndoa, vilivyotafsiriwa na mfasiri aliyeapishwa, na mara nyingine vihakikiwe kwanza nyumbani. Familia nyingi zinakaa miezi bila cheti cha mtoto kwa sababu mama aliacha cheti chake kwenye sanduku Tabora. Ukiwa bado Tanzania, pita RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kabla ya kupita dukani kununua masweta.

Dai la sita: "Mshahara ni wa euro. Akisema hana, ni mchoyo."

Hapa nitakaa kwa muda, kwa kuwa dai hili limevunja udugu mwingi.

Chukua kima cha chini cha mshahara cha mwaka 2025: euro 12.82 kwa saa. Kwa wiki ya saa 40 ni takriban euro 2,200 kwa mwezi. Ndugu nyumbani anazidisha kwa shilingi, anapata mamilioni, na mahesabu yake yanaishia hapo. Kwa mfanyakazi ndiyo kwanza yanaanza. Pensheni inachukua asilimia 9.3. Bima ya kukosa kazi, 1.3. Bima ya afya, 7.3 pamoja na nyongeza ya mfuko wake. Bima ya matunzo ya uzeeni nayo inakata. Kabla kodi ya mapato haijaguswa, zaidi ya moja ya tano imekwisha ondoka, na hizo euro 2,200 zimeshuka chini ya 1,760.

Halafu nyumba. Kodi ya nyumba katika miji mikubwa inaweza kumeza nusu ya kilichobaki. Mwenye nyumba ana haki ya kudai dhamana ya hadi miezi mitatu ya kodi. Na nyumba nyingi zinakodishwa bila jiko: unafungua mlango wa jikoni unakuta ukuta, bomba na nyaya, hakuna sinki wala kabati. Aliyehama kabla yako aliondoka nalo, au anakuuzia. Ada ya redio na televisheni ya umma ni euro 18.36 kwa mwezi kwa kila kaya, iwe ina televisheni au haina. Mtoto anakua, na koti la baridi la mwaka jana halimtoshi.

Sisemi kwamba maisha hayo ni ya dhiki. Mfanyakazi huyo akiugua anatibiwa bila kuuliza bei. Katika bima ya afya ya umma, watoto wake na mwenzi asiye na kipato wanaingizwa bila mchango wa ziada. Shule za umma hazina ada, na vyuo vikuu vya umma kwa sehemu kubwa havitozi karo. Kila mtoto anapata posho ya Kindergeld, iliyokuwa euro 255 kwa mwezi mwaka 2025. Sehemu kubwa ya mshahara, basi, inarudi kwa familia kama huduma, na huduma haitumwi kwa M-Pesa. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi vizuri Ujerumani na bado asiwe na milioni moja ya kumtumia mjomba mwezi huu.

Wanaotuma wanatuma, na wanatuma wakijibana. Kuna mama anayefanya usafi wa ofisi alfajiri kabla ya kazi yake ya mchana ili karo ya wadogo zake ilipwe. Akisema mwezi huu sina, amesema ukweli. Badala ya kumuuliza analipwa ngapi, muulize anabakiwa na ngapi, na kama mnajenga, mkubaliane kiasi cha kila mwezi ambacho hakitamlaza macho.

Dai la saba: "Watoto wa huko wamepotea. Hawana kwao, hawana Kiswahili."

Wanapotea tukiwapoteza. Mtoto ana uwezo wa kukua na lugha mbili na hata tatu bila moja kuidhuru nyingine, na mwalimu akikuambia uache lugha yako nyumbani ili mtoto ashike Kijerumani, mjibu kwa adabu kwamba Kijerumani atakipata shuleni kutwa nzima, Kiswahili ni wewe tu wa kumpa. Panga saa zake. Chakula cha jioni kiwe cha Kiswahili. Ugomvi, hadithi, dua na mapishi viwe vya Kiswahili. Lugha inayotumika kukemea tu, mtoto ataikimbia.

Wala lugha yetu si yatima kule. Kiswahili kinafundishwa katika vyuo vikuu kama Leipzig, Bayreuth na Hamburg. Deutsche Welle inatangaza kwa Kiswahili tangu 1963. Mtoto anayeona Wajerumani wakilipia kozi ili wajifunze maneno ambayo kwake ni ya bure anaanza kuyathamini.

Na anayo historia ya kusimamia. Mtaa mmoja wa Neukölln, Berlin, uliokuwa na jina la Wissmann, kamanda aliyeivunja vita ya Abushiri katika pwani yetu, tangu 2021 unaitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa heshima ya binti wa Kilimanjaro aliyekuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza bungeni na serikalini baada ya uhuru. Agosti 2024, katika eneo la Wedding, barabara iliyopewa zamani jina la Carl Peters, yule aliyeitwa kwetu Mkono wa Damu, iligawanywa majina, na sehemu yake moja sasa ni Maji-Maji-Allee. Novemba 2023 Rais Steinmeier alisimama Songea akaomba msamaha kwa waliouawa katika vita vya Maji Maji. Mpeleke mwanao kwenye mitaa hiyo, umsimulie. Atajua kwamba hakuingia nchi ile kama mtu asiye na habari yake humo.

Sehemu iliyobaki ni ya ndugu walio nyumbani. Mtoto huyu akija likizo akasema "mbwa yangu", wapo wanaoangua kicheko na kumwita mzungu mbele ya wenzake. Kesho yake hafungui mdomo. Tumeona watoto walioanza kuongea vizuri wakinyamaza kwa Kiswahili maisha yao yote kwa sababu ya kicheko cha sebuleni. Msahihishe polepole, umpe neno, uendelee na mazungumzo. Bibi akipiga simu, asikubali kuzungumza na mama mtu tu. Amwite mjukuu, apokee shikamoo yake, amuulize amekula nini.

Madai yote saba yanafanana kwa kitu kimoja: yanamwondolea mtu kazi. Kama wenyeji ni wabaya, hakuna haja ya kujifunza lugha yao. Kama pesa ni nyingi, hakuna haja ya kupiga hesabu na ndugu. Kama watoto wameshapotea, hakuna haja ya kuwasemesha. Kazi hiyo ipo, inawezekana, na familia nyingi zetu zinaifanya kila siku bila kutangaza. Kijana wa kwenu akikuambia amepata nafasi Ujerumani, mpongeze, kisha muulize maswali matatu: Kijerumani umefika ngazi gani, vyeti vyako vyote viko wapi, na baada ya makato utabaki na ngapi? Akikosa jibu hata la moja, msaidieni alitafute kabla hajakata tiketi.